Theluji ya Bugarika

Tulikuwa twende mlimani, mlima wa watu wengine,
Desemba, ukoo mzima na marafiki wawili,
kwa dada Ng'washi, ambako, alisema,
asubuhi unautafuta mlango wako kwa koleo.
Tukashonesha makoti kwa fundi Bugingo wa Mabatini.
Akauliza, "Mnahamia ndani ya friji?"
Tukacheka, tukamwachia advansi.

Barua ilikuja na mistari minne.
Mstari wa tatu ulisema hatukuonyesha
sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani.
Mama aliusoma mara mbili, akavua miwani,
akatazama nje: kuku, kamba ya nguo, ziwa lote.
"Sababu," akasema.
Hakuongeza neno.

Lushinge ndiye aliyekataa likizo isife.
Lushinge wa zamu ya usiku, kiwanda cha minofu,
anayewamwagia sangara barafu
kama mtu anayefunika watoto wasioamka.
Jumamosi alifika na kirikuu cha kuazima,
kreti kumi na mbili, turubai juu,
barafu ya shehena iliyokosa ndege.
Ameinunua? Ameambiwa akaitupe?
Hatukuuliza.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe.
Tunaanikia dagaa, mashuka, na ugomvi.
Linashuka taratibu, kisha ghafla,
kama hadithi za shangazi Nyanzala.
Tukalimwagia weupe
kutoka penye mkonge hadi ukuta wa jirani,
na jiwe, ambalo tangu liumbwe
halijawahi kufunikwa na kitu kisicho mawingu,
likafuka moshi.

Saa nne, jua utosini karibu,
sisi ndani ya makoti ya fundi Bugingo.
Dumu la mafuta limepasuliwa katikati:
nusu ya Kwilasa, nusu ya Mwamvua rafiki yangu,
aliyekuja na glavu za pikipiki za mumewe.

Kwilasa alitangulia.
Sekunde tatu, labda nne.
Akaishia kwenye beseni la Mama Holo,
povu hadi masikioni, goti limechubuka,
na juu ya mchubuko gamba moja la samaki
limeng'ang'ania, linang'aa.
Hakuruhusu mtu alibandue.

Mwamvua alishuka kwa tumbo.
Shangazi Nyanzala alishuka amekalia sinia la pilau,
akimwita Mungu kwa lugha tatu,
Kisukuma kikiwa ndicho cha mwisho na cha kweli zaidi.
Paka wote wa Bugarika wakahudhuria.
Theluji yetu ilinukia minofu.

Tukampigia Ng'washi simu ya picha.
Kwake saa mbili asubuhi, giza bado.
Alicheka mpaka akakohoa.
Akasema, "Geuza nione na ziwa."
Nikageuza.
Akasema, "Ngoja nikafunge dirisha,"
na kwa muda mrefu tuliona kiti tu,
na ukuta, na koti jekundu kwenye msumari.

Lushinge hakuteleza.
Alikuwa upande wa jiwe tuliouacha mkavu,
shati amevua, amelala kifudifudi,
viganja vyote viwili amevibandika kwenye joto
kama anayesikiliza mlango.
Ncha za vidole vyake ni nyeupe siku hizi,
kifungo cha shati anafungiwa na mwanawe.
"Huji?" nikamwita. "Likizo inayeyuka!"
Bila kuinua kichwa akajibu,
"Mimi niko likizo tayari."

Adhuhuri ilikuwa maji matupu.
Mama Holo akakinga ndoo nne,
maana cha bure hakiulizwi kilikotoka,
akafua upya alivyokuwa amefua.
Makoti tukayaanika palepale,
mikono imetawanywa, kama watu walioanguka wakacheka.
Mama alipita akiokota mabaki kwenye nyufa,
konzi moja, akaitia kinywani,
akakunja uso. "Chumvi kidogo," akasema,
akameza sababu zake zote.

Saa kumi na moja nilienda kumwamsha Lushinge.
Zamu.
Nilimshika mkono, nao ulikuwa na moto,
moto wa jiwe, mpaka kwenye kucha.
Sikuuvuta.
Nikakaa nao kidogo,
kirikuu kikipigiwa honi huko chini.