Feni ya Darini

Februari, Utawala. Mabati yanalia ta, ta,
kama mtu anayejivunja vidole.
Fundi Musyimi alishuka darini
na utando wa buibui kwenye nyusi:
"Hii feni itafukuza joto, Mama Kerubo.
Umeme inalamba tu."

Inalamba!
Tokeni za mia mbili zilinifikisha Alhamisi.
Sasa Jumanne usiku mita inapiga kelele,
nami nasoma tarakimu kwa tochi ya simu.

Nikapanda ngazi aliyoisahau, nikachungulia.
Inazunguka, kweli. Ila joto halina mlango:
matundu ya ukingoni aliyaziba kwa saruji,
ati popo.
Basi inavuta wapi? Kwangu.
Kupitia ufa wa dari, ubaridi mdogo wa sakafu
unapanda, nami naulipia nauli.

Nimeizima.
Nimezibua matundu sita kwa patasi,
nikatia wavu wa mbu.
Usiku upepo wa Athi umeingia bila kuuliza bei.
Popo mmoja alikuja, akapapasa wavu, akaenda zake.

Mita imenyamaza. Nukta haijasogea
tangu nizime taa.

Ngazi ya Musyimi bado iko kwangu.
Aje aichukue,
tuzungumze.