Hoja Moja, Alama Mbili

Swali nililitunga mwenyewe:
"Eleza jinsi upweke unavyojitokeza
katika hadithi uliyosoma. Hoja tano. Alama kumi."
Madaftari arubaini na moja mezani,
stima imerudi saa nne, feni inalalama,
na huko chini, Ganjoni, mtu anasukuma mkokoteni
wa madumu matupu, yanagongana.

Wote wamenijibu nilivyowafunza.
Mosi, mhusika hana jamaa.
Pili, mhusika huzungumza na paka.
Tatu, mhusika hula peke yake.
Vema. Vema. Vema.
Kalamu nyekundu haichoki.

Kisha daftari la Jefwa Kitsao,
kijana wa ghorofa ya pili, chini yangu,
mwandiko kama kaa anayekimbia maji:

"Mimi nina hoja moja tu, mwalimu.
Upweke ni mtungi wa gesi.
Yuko mama mmoja huniita nimbadilishie.
Nikiuinua ni mzito, haujafika nusu.
Nafungua, nafunga tena.
Naye kasimama mlangoni na sahani ya viazi karai,
ananiuliza mamangu hajambo,
ananiuliza babangu hajambo,
hata dadangu aliye Doha ananiuliza hajambo,
mpaka viazi vinapoa."

Hapo kaishia.
Hakutaja hadithi, wala mhusika, wala ukurasa.
Mwongozo wa kusahihisha naujua, niliuandika mimi:
hoja moja, alama mbili.

Nikaandika mbili.
Pembeni nikaandika "Fafanua", kama ada yangu,
nikaenda jikoni, nikauinua mtungi.
Mkono uliujua uzito kabla sijaushika.

Jumatatu yakaja masahihisho.
Wenzake walikuwa wamenakili hoja zote tano
kutoka ubaoni, hata kosa langu la tahajia.
Yeye, chini ya lile neno jekundu, mstari mmoja:

"Ukiniita bila mtungi pia nitakuja."

Sikutia vema. Sikutia kosa.
Nilikaa na daftari mapajani
hadi kengele ya chakula ikalia, ikanyamaza.

Jioni nikakaanga viazi,
unga, bizari kidogo, ukwaju kando.
Nikatoka nje, nikainama juu ya ngazi.
Kwao redio ilikuwa ikisoma vifo.
Nikafungua kinywa nimwite,
nikasimama pale, mafuta yakinikauka vidoleni,
natafuta kisingizio.