Gari la Mkate

Ubavuni bado pameandikwa, kwa rangi iliyochoka,
MKATE MTAMU, na suke la ngano linalofanana na samaki.
Tulilinunua mnadani Tabora, Mihayo na mimi,
kwa mafao yangu ya ualimu na ukaidi wake.
Miezi minne akapiga nyundo.
Rafu za mikate zikawa kitanda,
tundu la hewa likawa dirisha,
jiko la gesi likafungwa kwa nati lisije likahama peke yake,
na pazia nikashona mimi, kwa khanga iliyosema
JIRANI USINICHOKE,
ilhali jirani angebadilika kila machweo.

Kalunde, binti yetu, akapiga simu:
Mama, watu wa umri wenu hukaa barazani.
Nikamwambia baraza tunayo,
ya mbao, inakunjika, ina bawaba mbili.

Kaliua, mbung'o waliingia bila hodi.
Malagarasi tulilala tukisikiliza mto
ukivuta shuka lake la matete, usiku kucha, haulali.
Na kila kijiji, kabla vumbi halijatua,
watoto: Mkate! Mkate umekuja!
Mihayo alisimama, akaeleza kwa adabu:
hatuuzi, wanangu, tunaishi humu.
Mmoja, kaptula yake imefungwa kwa katani,
akatuzunguka mara mbili, akauliza:
Mnaishi ndani ya mkate?

Uvinza tukanunua chumvi. Mwandiga tukakata kulia,
na milima ikaanza kutudai.
Gia ya pili. Gia ya kwanza. Kisha dua.
Kazi yangu ilikuwa jiwe:
injini ikikohoa naruka chini, naliweka nyuma ya gurudumu,
tupumue, tupande tena.
Miaka thelathini na minne nimelishika jiwe hilo,
kabla ya gari, kabla ya kilima,
na lipo jiwe langu analolishika yeye,
sitalitaja hapa.

Kalinzi. Baridi ya migomba, kahawa inaanikwa,
ukungu umekaa barabarani kama mwenye hati ya kiwanja.
Mwanamke alikuwa anatusubiri na noti mkononi.
Ntahondi, alisema. Nimetumwa na mama mkwe.
Haoni tena, ila ameusikia muungurumo toka bondeni, akasema:
lile gari la Alhamisi. Nenda. Mikate miwili.

Tukatazamana.
Kumbe kilima hiki gari lilikijua kabla yetu.
Kumbe lilikuwa likikohoa kwenye kona zilezile,
na sisi tulidhani tunalionyesha dunia.

Mkate hatukuwa nao. Tulikuwa na unga kilo mbili,
hamira ya pakiti iliyokaribia kuisha muda,
na sufuria moja yenye mfuniko uliobonyea.
Mihayo akakanda, mikono ileile ya nyundo.
Ntahondi akaleta makaa, tukayapanga chini, tukayapanga juu,
tukangoja, watatu, hatujuani,
tukiongelea bei ya kahawa na magoti.

Bibi aliushika ungali moto.
Akaunusa. Akaubonyeza kwa kidole gumba
kama anayekagua mtoto aliyerudi kutoka mbali.
Akageuza uso, si kwetu, kwa gari, akasema:
Umechelewa.

Leo ni Jumatano. Tumeegesha Kibirizi,
mlango uko wazi, ziwa limefika karibu na ngazi.
Dagaa wanakauka mchangani, harufu yao imeshaingia kitandani,
na ng'ambo milima ya Kongo inasimama kimya,
bluu juu ya bluu, kama jambo lililosahauliwa ulimini.
Hapa ndipo tulipopania kufika.
Mihayo amenunua kopo la rangi nyeupe
ya kufuta maandishi ubavuni, tusiwadanganye watu.
Kopo bado halijafunguliwa.
Mimi nimetoka sokoni na unga, kilo kumi,
na sufuria ya pili.
Hakuniuliza kitu. Ameinama anapima mafuta ya breki,
kisha, polepole, akaligeuza gari
likaangalia mlimani.

Kesho Alhamisi.