Shilingi Mia Mbili kwa Ukurasa

Mashine yangu inayajua majina yenu yote.
Iliyajua kabla ya mabenki, kabla ya wizara,
kabla ya yule mjomba mwenye rafiki Kampala.
Mnakuja na flashi shingoni kama hirizi:
"Dada Letaru, nakala kumi, haraka,
mwisho ni leo saa kumi na moja."
Nami nafungua faili, nasoma.
Siwezi kuacha kusoma.

Nyote mnapenda vitabu na kusafiri.
Nyote mnastahimili kazi chini ya shinikizo.
Nyote, hata wewe Onzima uliyesinzia mtihani wa Takwimu,
mna uangalifu wa hali ya juu,
na neno uangalifu limekosa herufi.
Nasahihisha. Herufi sitozi.

Ng'ambo ya barabara ni lango la chuo.
Chini ya ngazi, palipokuwa stoo ya viti vibovu,
ndipo kitengo cha ajira: meza moja, Bwana Afayo mmoja,
na kalenda ya mwaka juzi, ya benki,
kumbukumbu ya siku walipokuja na mahema,
wakatugawia kalamu, wakazoa barua zetu mia nne
ndani ya boksi la maji ya chupa.
Kalamu yangu ilikauka kabla ya jibu.

Lakini Afayo simsemi vibaya.
Hupanda boda hadi hospitali, hadi kiwanda cha maziwa,
hadi mashine za kusaga njia ya Koboko,
akiomba: "Nipokeeeni watoto wawili wajifunze kazi. Hata mmoja."
Watoto! Watu wana ndevu.
Hurudi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Juzi alimkalisha Ezaru,
aliyekaanga rolex stendi ya mabasi miaka mitatu,
akajilipia ada, akamlipia na mdogo wake.
Kwenye wasifu, mbele ya Uzoefu, kaandika: Hakuna.
Afayo akalizungushia neno lile wino mwekundu.
"Trei za mayai, unga wa mkopo,
wateja wa nitalipa kesho, askari wa manispaa.
Nani alikuwa anahesabu?"
Ezaru alikuja kwangu kuchapa upya,
akasimama nyuma ya bega langu, akijisoma
kana kwamba anamsengenya mtu.

Leo Afayo kaleta kazi: fomu mia tatu
za kuwafuatilia wahitimu.
*Uko wapi? Unafanya nini? Chuo kilikusaidiaje?*
Ya mia moja na kumi na mbili, umeme ukakatika.
Arua ni Arua.
Nikabaki na karatasi mkononi, ya moto kama chapati,
na orodha ya majina, na jina langu humo:
Letaru, Shahada ya Takwimu, daraja la pili la juu.

Umeajiriwa? Ndiyo. Hapana.
Vijisanduku viwili, vidogo kama meno ya maziwa.

Nafungua saa moja, nafunga saa mbili usiku.
Mashine ni ya shemeji, deni ni langu.
Nina kijana wa kubana karatasi, namlipa Jumamosi.
Basi ndiyo?
Siku ya mahafali mama alinishika joho, akasema,
"Sasa wewe ni mtu wa ofisi."
Kila Jumapili hupiga simu:
"Ofisi hawajakuita?"

Chuo kilikusaidiaje.
Kilinifunza kwamba kila hesabu ina ukingo wa kosa.
Hakikuniambia mtu aweza kuishi humo ukingoni,
akalipa kodi ya chumba.

Umeme umerudi. Mashine imekohoa, imeendelea
kana kwamba haikusikia kitu.

Bwana Afayo, njoo uchukue fomu zako.
Ni mia mbili tisini na tisa,
shilingi elfu hamsini na tisa na mia nane.
Ile moja usiniulize.
Bado naijaza.