Kabla ya Kuuliza Bei

Barua ya mwaka jana ilikuwa na mistari miwili:
"Tunahitaji elektrodi za grafiti, kipenyo mia tano.
Tupeni bei yenu ya chini."
Tukapewa ya chini.
Ikatuangukia juu.

Usiku wa Alhamisi nguzo ya pili ilikatika shingoni,
ikazama ndani ya chuma kilichoiva
kama mwiko uliomponyoka mpishi.
Tanuri likanyamaza.
Bonde zima la Urola liliamshwa na ukimya ule.
Mama alinipigia simu kutoka ghorofa ya tatu:
Garbiñe, kuna nini huko kiwandani,
mbona naisikia mvua?

Leo karatasi tupu iko mezani pangu,
na Bwana Etxaniz wa fedha ananihimiza:
andika upesi, robo ya mwaka inafungwa.
Sikuandika.
Nilivaa kofia ngumu, nikashuka ngazi.

Joxan hakunisalimia.
Alinitia mkononi kipande cha kiungo,
uzi wake wa skrubu una mapengo
kama kinywa cha mtoto wa miaka saba.
"Andika hiki," akasema.

Nikaandikia gotini, moshi ukinichoma macho:
kipenyo, sawa, lakini na urefu pia, na uzi,
meno mangapi kwa inchi, na mteremko wake upi;
kwamba hapa hupita ampea elfu arobaini na tano
chuma chakavu kikianza kulegea;
ukinzani, majivu, msongamano;
koki yake ni ya sindano au ya kubahatisha;
nani alipima, lini, kwa kifaa cha nani;
na zitafungwaje, zisije zikafika midomo imechubuka.
Kila tani ya chuma itakula kilo ngapi za nguzo?
Hapo Joxan alicheka, akajishika bega la kulia.
"Waulize pia nguzo zao zinakula nini."

Miaka tisa nimekaa nikidhani
kuulizia bei ni kunyoosha mkono.
Kumbe ni kukiri.
Niliandika: tanuri letu lina miaka thelathini na minne.
Niliandika: mshikio wa tatu hutikisika.
Etxaniz akayapiga mistari kwa kalamu nyekundu.
"Mnunuzi haanui kidonda chake sokoni."
Nikayarudisha.
Akayakata tena, nami nikayarudisha tena,
mpaka akachoka, akaenda kunywa kahawa.
Tabibu gani atakupa dawa
ya kidonda ulichokivisha koti?

Kiasi: tani arobaini, kwa mikupuo miwili.
Mtufikishie hadi ghalani, si bandarini.
Malipo baada ya kupima, si kabla.
Mahali pa bei nimepaacha wazi,
mraba mweupe, mpana kuliko inavyohitajika.

Chini kabisa kuna nafasi ya "maelezo mengine".
Nikaandika: anayeziunga nguzo hizi, juu ya mdomo wa moto,
ana miaka sitini na mmoja,
na kiungo kikilegea, yeye ndiye wa kwanza kujua.
Nikasoma. Nikafuta.
Wauzaji hawana safu ya kulijibia hilo.

Ila ukingoni mwa ukurasa
dole gumba lake lilibaki, jeusi, mistari yote inasomeka,
na mashine ya kunakili haikubagua.
Barua imekwenda kwa wanne.
Watadhani ni doa la wino.