Dhumuni la Safari

Pikipiki ni ya Ntakije. Aliiacha dukani kwangu
rehani ya tairi mbili na nusu injini,
akasema, "Jumamosi, mama."
Jumamosi ya mwaka gani, hakutaja.

Miaka kumi na tisa nauza vipuri Mwanga.
Plagi iliyoungua naijua kwa kuinusa,
bolti nakutajia saizi yake kwa kuikanyaga gizani.
Lakini mwenyewe, juu ya kiti, mwisho wangu ulikuwa Ujiji,
tena nyuma, nimekaa upande, mkono mmoja umeshika kitenge.

Alfajiri hii nimevaa suruali ya marehemu kaka.
Bi Zuwena akatoa kichwa dirishani: "Kuna msiba?"
Hakuna.
"Harusi?"
Hakuna.
"Sasa unamfuata nani huko Heru Juu?"
Nikapiga kiki. Ya tatu ikamjibu kwa niaba yangu.

Mwandiga walikuwa wakifungua vibanda.
Kwenye daraja la Luiche ukungu umelala
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Ziwa lilinifuata kwenye kioo cha kushoto, kipande cha bati,
kisha kona moja, basi, likaachana nami.

Baada ya Kidahwe njia ikaanza kupanda.
Nikashusha gia. Tatu. Mbili.
Nikasikia kila nilichowahi kuuza
kikifanya kazi chini ya mapaja yangu:
klachi, fani, beringi za shilingi elfu nne
ambazo wateja huzipigania kama ng'ombe wa mahari.
Kumbe ndiyo maana wale vijana walikuwa wakirudi dukani wanacheka,
vumbi mpaka kwenye meno,
nami nikidhani wananicheka mimi.

Cheni iliruka penye mteremko wa mashamba ya maharage.
Mzee mwenye baiskeli ya ndizi akasimama.
"Mwakeye. Mumeo yuko wapi?"
Nikamwambia ninachotafuta ni spana namba kumi.
Akacheka hadi mkungu mmoja ukaanguka,
akaniachia ndizi tatu, akaenda zake.
Nikala nimekaa kwenye nyasi, mikono myeusi kwa grisi,
na hakuna aliyeniuliza bei ya kitu chochote.

Kasulu ni baridi. Nilipita tu.
Huko juu, baada ya mikaratusi, ndipo yalipo mahame:
ukuta wa kufika kiunoni,
hauzuii upepo, hauzuii mbuzi.
Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, nakiri.
Jiwe la kusagia lisilo na mwenzake.
Kizingiti, mlango hakuna.
Ngazi tatu zinapanda, ya nne ni hewa.

Kipuri kisicho na chombo chake nakijua.
Kinakaa rafuni miaka. Unakifuta vumbi.
Chombo kimekwisha kuuzwa chuma chakavu Burundi huko,
na bado mkono hautaki kukitupa.
Nikaweka kiganja ukutani, jua limeupiga tangu asubuhi:
una joto lilelile la tangi la pikipiki.
Nilikaa hapo. Siwezi kusema muda gani.
Mjusi alitoka, akanitazama, akaona sina jipya.

Obadia, kijana wa pale, koti la mvua na redio ya mkononi,
alisema hapa ngoma za mwami zilikuwa na chumba chao,
zikilala, zikiamshwa, zikilishwa.
"Zilikula nini?"
Akafikiri. "Hilo hatukuambiwa."
Nilimpenda kwa jibu hilo.

Halafu akaleta kitabu cha wageni, kalamu imefungwa kwa uzi.
Jina. Utokako. Tarehe. Dhumuni la safari.
Walionitangulia: Utafiti. Ziara ya shule. Kikazi. Kikazi.
Mmoja ameandika Kutambika, kisha akakifuta, kikasomeka zaidi.

Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi niiname.
Nikaandika: Jumamosi.

"Mama, tarehe ni safu ile nyingine."

Najua, nikamwambia.