Kitasa Kiko Nje

Suhari, mtaa wa nyuma ya soko la mboga,
nyumba yetu ina chumba kisichokwenda popote.
Baba alikijenga mwaka wa sabini na nne,
mji hauna reli, nchi haina reli,
mafundi wenzake wakamuuliza: Msellem, hii stoo au msala?
Akajibu: behewa.

Viti viwili virefu vinatazamana
kama mashahidi wa kesi moja.
Juu yake wavu wa mizigo, kamba kaisuka mwenyewe,
kioo chembamba cha kuwekea kofia sawa,
na chini ya kiti mkono wa shaba:
MOTO huku, BARIDI kule.
Haukuunganishwa na kitu.
Mwezi wa saba, jua linamenya rangi za kuta,
tuliuvuta kwenye BARIDI, tukaapa tunaisikia.

Alikuwa amejifunza Uingereza, miaka miwili,
karakana ya mabehewa, mji wa Yoki,
zama mbao ilipokuwa inampisha chuma.
Kiunzi chuma, ngozi ya nje chuma,
lakini ndani, alisema, ndani bado ni kwa mtu.
Jumapili moja, koti limelowa, daraja la pili,
akaona juu ya bega la mwanamke anayefuma sweta
kikaratasi kimebandikwa ubaoni:
jina la mti, na nchi ulikokatwa.
Mvule. Tanganyika.
Saa tatu hakutazama dirishani.
"Tulikuwa wawili mle chumbani," alisema,
"sote tumepigwa randa.
Ila mwenzangu ana kibandiko,
hakuna anayemuuliza."

Alipohamia huku, kila ofisi ilimuuliza.
Kiarabu chako, karani alimwambia, kimetiwa nazi.

Ndiyo maana kila ubao mle una kipande cha shaba,
herufi kazichonga kwa ncha ya msumari:
Mvule, Tanga.
Msaji, kwa njia ya Bombei.
Mkunazi, bondeni, nyuma ya kwa kina Ghanima.
Plaiwudi, Mungu ajuaye.

Mama hakuupenda mlango.
Hauna kitasa ndani.
Ndivyo walivyofanya wao, baba alieleza,
mtoto asije akafungua njiani:
ushushe kwanza dirisha, ukanda wa ngozi, matundu saba,
utoe mkono, ujifungulie kwa nje.
"Yaani mtu atoke kwake," mama akasema,
"kama mwizi anavyoingia."
Baba alicheka mpaka akakaa.

Wageni walinywa kahawa humo wakigusana magoti.
Ami Harith na shemeji yake,
miaka kumi na moja hawasemezani kwa ajili ya zamu ya maji ya falaji,
aliwaketisha humo, akapuliza filimbi,
akaenda zake kuswali alasiri.
Aliporudi walikuwa wanagombana.
Hiyo aliihesabu ni safari.

Sasa vijana wa kampuni wamepita na vigingi na rangi nyekundu.
Reli inakuja, wanasema, mabehewa ya vioo visivyoshuka.
Wananunua mtaa mzima, kuta na yaliyomo.
Mwanangu Sulayyam kauliza, la babu wataliweka wapi?
Nikamtuma dukani.

Jana niliingia peke yangu, nikauvuta mlango,
ukalia ule mlio wake, kama kofi la mtu asiye na hasira.
Nikaketi upande unaotazama mbele.
Baba hakuukalia hata siku moja.
Mwachie mgeni, alisema, aone anakopelekwa;
mimi yanitosha kuona ninapotoka.
Nikapapasa ubao wa mvule. Skrubu nne.
Bisibisi nilikuwa nayo mfukoni,
ikabaki mfukoni.

Joto likanizidi. Nikashusha dirisha
hadi tundu la nane, alilolitoboa mwaka wake wa mwisho
mkono ulipoanza kuwa mfupi,
nikatoa wangu nje, nikatafuta.
Kitasa kilikuwa cha moto.